Tutupe wapi? Takataka za avenyu moja ya Kadutu

Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni mji wa miteremko. Anayeujua kwa picha anajua zile rasi zinazoingia ziwani, nyumba za zamani za Wabelgiji upande wa Ibanda, na maji ya Kivu yanavyobadilika rangi jioni. Sisi wa Kadutu tunaujua kwa magoti. Avenyu yetu iko upande wa juu wa komini, pale barabara ya gari inapoisha na vichochoro vinapoanza: ngazi zilizochongwa kwenye udongo mwekundu, nyingine zimewekewa mifuko ya mchanga, nyingine matairi yaliyochakaa. Paa la jirani wa chini liko sawa na kizingiti chako. Unachomwaga wewe, yeye anakipokea.

Nimefundisha shule ya msingi hapa kwa miaka mingi. Watu wananiita Mwalimu, hata walionizidi umri, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, kila komite inayozaliwa katika avenyu hunifanya katibu. Ndivyo nilivyoingia katika mambo ya takataka. Kazi hiyo sikuiomba.

Gari la takataka halikuwahi kufika kwetu na hata leo halifiki, haliwezi. Lori linapanda hadi mwisho wa lami, basi. Mwenye parseli pana, yaani kiwanja kikubwa, alichimba shimo, lakini parseli pana huku juu ni chache. Mji ulipanuka wakati wa vita, watu wakakimbia vijiji, na kila kipande cha mlima kikapata nyumba. Wengine walichoma nyuma ya jiko, plastiki na yote, moshi ukaingia kwa jirani aliyelaza mtoto mwenye kifua. Ila njia kuu ilikuwa mvua. Kuanzia Septemba hadi Mei, wingu likijikusanya jioni, ungeona milango inafunguka mmoja mmoja, mabeseni na mifuko inasogezwa karibu na mtaro. Mvua ikianza kupiga mabati kwa nguvu, kila kitu kinamwagwa na maji yanabeba. Asubuhi avenyu imeoshwa. Anayeishi chini ndiye anayeamka na nepi mlangoni.

Na chini kabisa kuna Kawa, mto unaopitia Kadutu ukielekea ziwani. Ziwa Kivu lina njia moja tu ya kutolea maji, nayo ni Ruzizi, inayoanzia hapa hapa Bukavu na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika. Karibu na mlango huo ndipo lilipojengwa bwawa la Ruzizi I, mwishoni mwa miaka ya 1950. Chupa, sashe (vile vifuko vya plastiki) na ndara zilizotupwa milimani huelea hadi huko, zikaziba mahali maji yanapoingilia. Wafanyakazi huzitoa kwa mikono na kwa mashua, wakati mwingine wapiga mbizi hushuka kuzibandua chini, na mashine zikisimama mitaa inaingia gizani. Kwa hiyo tukikaa na mshumaa tukilaumu umeme, sehemu ya giza hilo tumeituma wenyewe kwa mtaro. Jambo hilo nilikuwa nikiwafundisha watoto wa mwaka wa sita ubaoni, kwa mshale unaotoka mlimani hadi bwawani. Watoto walilielewa vizuri. Kisha wakaenda nyumbani, wakapewa beseni, wakaambiwa wakamwage.

Mkutano wa kwanza uliitishwa na shefu wa avenyu siku ya Dominika baada ya misa, katika darasa langu. Walikuja wenye parseli, karibu wote wanaume, na baadhi yao hawaishi hata Kadutu. Wanakuja mwisho wa mwezi kuchukua kodi. Kulikuwa na kijana wa shirika moja aliyebandika mabango: usichome, usitupe mtaroni, nawa mikono. Hakuna aliyepinga. Papa mmoja alisimama akasema tatizo ni mentalite, yaani fikra za watu, mwingine akaongeza kwamba watu wetu wametoka kijijini na kijiji hakijawatoka, na maneno yakaenda hivyo kwa muda mrefu, kila mtu akisema ubaya wa watu ambao hawakuwamo ndani.

Mama mmoja muuza makala, yaani mkaa wa kupikia, alikuwa amesimama mlangoni. Hakuja kwa mkutano. Alikuja kutafuta sahihi ya shefu kwenye karatasi fulani. Alisikiliza, kisha akauliza: "Papa shefu, munasema tusitupe mu mtaro. Ni muzuri. Sasa tutupe wapi?"

Shefu alijibu kwamba jambo hilo litachunguzwa. Niliandika kwenye daftari la komite: swali limebaki.

Tangu siku ile neno "mentalite" likitajwa mbele yangu kuhusu uchafu, nakumbuka mpaka wa Ruzizi. Mama zetu wanaovuka kila siku kwenda Kamembe kuuza na kununua wanajua kwamba Rwanda imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Kabla ya daraja wanahamisha bidhaa: nyanya zinatoka kwenye sashe nyeusi zinaingia kwenye kikapu au mfuko wa karatasi, bila kelele, bila semina. Jioni wanarudi upande wetu, wananunua chumvi, inafungwa kwenye sashe nyeusi. Ni mama wale wale, mikono ile ile, siku ile ile. Na sisi pia tuna amri ya serikali ya mwisho wa 2017 inayokataza kutengeneza, kuingiza na kutumia mifuko hiyo. Sokoni Kadutu sijaona inachopunguza. Huko ng'ambo kuna anayekagua na kuna kikapu cha kubadilishia; huku kuna karatasi iliyosainiwa Kinshasa.

Baada ya mkutano kulikuja salongo. Salongo, kazi ya usafi ya lazima kwa wote, tumeirithi kutoka enzi za Mobutu: Jumamosi asubuhi, maduka yafungwe, kila nyumba itoe mtu na jembe. Wazee wanaikumbuka kwa faini na kwa polisi, na vijana wameipokea pamoja na uchungu wa wazee. Kwetu ilikwenda hivi: wachache wanazibua mtaro, wanaweka matope na plastiki pembeni ya mtaro huo huo, wanapiga picha, wanarudi nyumbani. Jumatatu mvua inarudisha kila kitu ndani. Waliobaki walijifungia mpaka saa nne, na siwezi kuwalaumu. Mtu anayeuza mikate asubuhi apoteze siku yake kwa kazi ambayo mvua itaifuta?

Kilichobadilisha mambo hakikupangwa. Maji yalikatika kwa muda, robine moja tu, bomba la chini, ikabaki inatoa, na avenyu nzima ikawa inapanga foleni pale kuanzia alfajiri. Nami nilikuwa na bidoni zangu. Ukisimama kwenye foleni ya maji Kadutu unasikia mambo ambayo hakuna mkutano utakuambia. Nilisikia nani hasa anabeba beseni la uchafu: ni mtoto akitoka shule, au binti wa kazi, au mama mwenyewe usiku. Nilisikia kwamba kuna parseli yenye wapangaji sita, na mwenye parseli amewakataza kuchimba hata shimo dogo kwa sababu anataka kujenga chumba cha saba. Nilisikia mjane wa chini, yule anayepokea vya wote, akieleza polepole bila kumtaja mtu jinsi alivyotoa meshi za nywele kwenye sufuria ya maharage iliyokuwa nje. Waliokuwa mbele yake kwenye foleni wakaangalia bidoni zao.

Mama mmoja mbeba mizigo ndiye aliyetoa wazo. Wageni wa Bukavu huwashangaa sana mama hawa: wanapanda milima na gunia la kilo nyingi mgongoni, limeshikwa na kamba iliyopita kwenye paji la uso, shingo imeinama mbele, mikono miwili imeshika kamba pembeni ya masikio. Alisema: "Sisi asubuhi tunashuka mutupu. Tunaenda ku soko na ku beach kutafuta muzigo. Kama muko na kitu cha kushuka nacho, mutulipe kidogo, tushuke nacho." Ilikuwa hesabu rahisi kiasi kwamba foleni yote ilinyamaza. Katika darasa langu, wanaume walikuwa wamezungumzia kuomba gari, kuomba barabara, kuandikia meya. Hakuna aliyefikiria kwamba kila alfajiri watu hodari wa kubeba wanapita mbele ya milango yetu mikono mitupu, wakiteremka.

Tukahamishia mkutano pale robine. Saa kumi na mbili asubuhi, watu wamesimama, bidoni zinasonga, hakuna hotuba ndefu maana zamu ikifika lazima ukinge. Shefu alikataa mwanzoni, akasema komite si mambo ya foleni. Akaja mara moja kuangalia, na baadaye akawa anakuja na bidoni yake mwenyewe, jambo ambalo mke wake alilifurahia kwa sababu zake.

Swali gumu la kwanza lilikuwa pesa. Mwisho wa lami tulikuwa tumepata vijana wenye gari wanaokusanya takataka kwa malipo. Walikubali kupita mara moja kwa wiki iwapo watakuta mzigo wa kutosha umefungwa kwenye magunia. Basi kulikuwa na kulipa mama wabebaji na kulipa gari. Nani alipe? Wenye parseli walisema wapangaji, wapangaji wakasema wenye parseli, na neno hilo lingeweza kutula mwaka mzima. Mtu mmoja akapendekeza kila parseli ilipe sawa. Mjane akauliza kama yeye peke yake ni sawa na wapangaji sita na watoto wao. Mwishowe mama muuza makala, yule yule, akasema tuhesabu mbabula, yaani majiko ya makala. Anayewasha jiko lake ana takataka zake. Yeye anajua idadi ya mbabula katika avenyu kuliko shefu anavyojua idadi ya watu, kwa sababu kila mbabula inanunua makala kwake au kwa mshindani wake. Ikawa franka 1,000 kwa mbabula kwa mwezi, na mwenye parseli asiyeishi hapa, ambaye hana mbabula ya kuhesabu, atoe pembe ya kiwanja.

Mweka hazina hakuchaguliwa miongoni mwa wenye cheo. Alichaguliwa mama anayeshika likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu) ya avenyu, ambaye pesa za wenzake zimepita mikononi mwake miaka yote na kila mmoja amepokea zamu yake. Aliandika kwa chaki kwenye ukuta wa robine: zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Mvua ilifuta mara kwa mara, naye aliandika upya. Mimi nilikuwa na daftari langu zuri lenye mistari, lakini sijaona mtu aliyewahi kuomba kulisoma. Ukuta ulisomwa kila asubuhi, na kwa sauti, na watoto wadogo wanaojifunza hesabu.

Kabla ya kuanza tulifungua magunia. Sijui nani alilitaka hilo, nadhani ni mama wabebaji, maana wao ndio walitaka kujua watabeba nini. Tulitandaza shitingi, turubai la plastiki, mbele ya kanisa dogo, tukamwaga vilivyotoka katika nyumba kadhaa, tukavitenga kwa fimbo. Harufu sitaieleza. Lakini mtu yeyote anayepanga mambo ya takataka za mji huu angepaswa kusimama pale. Sehemu kubwa kabisa, zaidi ya nusu kwa macho na zaidi tena kwa uzito, ilikuwa maganda ya ndizi na ya viazi, vijiti vya sombe (majani ya muhogo), maganda ya maharage, na majivu. Majivu mengi sana, na udongo uliofagiliwa pamoja nayo. Kisha sashe, nyeusi na zile nyembamba za rangi, zimejaa tope. Meshi. Vitambaa. Nepi. Mawe ya tochi, yaani betri, yaliyovimba na kutoa maji. Nyembe.

Chupa ya bia haikuonekana hata moja, na si kwa sababu avenyu yetu haijui bia. Ile chupa ina pesa yake dukani: bila kurudisha tupu hupewi nyingine kwa bei ile ile. Chupa za plastiki za maji zilikuwa chache pia, kwani wauza mafuta ya mawese na wauza kasiksi, pombe ya ndizi, wanazinunua. Kijana wa shirika, aliyekuwa amekuja na mabango yake tena, alizunguka shitingi ile akiangalia, kisha akayakunja mabango, akaomba fimbo.

Basi kazi ikagawanyika yenyewe. Kwa nini mama wa watu abebe kwa paji la uso maganda ambayo nguruwe wa jirani anayataka? Wafugaji wa nguruwe wa avenyu ya pili wakawa wanapita na ndoo. Wenye dende, wale wanyama wadogo wa kufuga kama sungura wasio na mkia, na karibu kila jiko la hapa lina dende wachache wanaokimbia chini ya meza, walianza kugombania maganda ya viazi na majani. Yaliyobaki yalikwenda kwenye mbolea, katika ile pembe ya parseli ya wapangaji sita. Mwenyewe alikuja siku moja kutoka mjini akakuta rundo linatoa mvuke mahali pa chumba chake cha saba. Akaambiwa ndiyo mbabula yake. Hakucheka, lakini hakuliondoa.

Mbolea niishikilie kidogo, kwa sababu wengi wanaijaribu na kuiacha baada ya mwezi mmoja wakisema inanuka na kuleta inzi. Bukavu iko zaidi ya mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kuna baridi na kuna mvua karibu miezi tisa. Ukirundika maganda mabichi peke yake yanashikana, hewa haipiti, yanaoza badala ya kuiva. Fundi mbao wa chini ya kanisa alikuwa anachoma vumbi lake la mbao kila Jumamosi, tukamwomba atuachie. Tabaka la maganda, tabaka la vumbi la mbao au majani makavu, majivu kiganja tu, maana yakizidi yanakausha na kuharibu. Juu yake bati bovu ili mvua isiingie. Kisha kugeuza. Wavulana wa mwaka wa sita waligeuza kila wiki, na furaha yao ilikuwa kuingiza fimbo katikati ya rundo na kuichomoa ikiwa ya moto. Lisipopata moto ndani, kuna kitu hakiko sawa: ama ni kavu, ama limelowa, ama halijageuzwa. Baada ya miezi mitatu au minne unapata udongo mweusi usio na harufu. Hatukuuza. Mama waliujaza kwenye magunia wakapanda lengalenga na vitunguu kando ya milango, kwa kuwa bustani nyingine hapa hakuna.

Majivu yaliyobaki yalikwenda vyooni, kikopo kimoja baada ya kutumia, na harufu ya vyoo vya parseli ile ya wapangaji sita ikapungua kiasi ambacho hata mwenye parseli alikiri.

Mambo hayakwenda sawa kila siku. Nyumba moja iliweka majivu ya moto kwenye gunia, gunia likaanza kuwaka mgongoni kwa mbebaji akiwa katikati ya ngazi. Alilitupa kwa wakati. Wiki chache baadaye mwingine alichanwa bega na wembe uliotokeza. Huyo alifungua kamba yake, akaliacha gunia pale pale njiani, wote wakaacha kazi. Magunia yakalala wiki nzima, mbwa wakayapasua, na mvua ikafanya kazi yake ya zamani.

Wakati wa kusuluhisha ndipo ilipoonekana kwamba komite ilikuwa na watu wa kila aina isipokuwa wabebaji. Waliitwa, wakaja wawili, wakakaa. Hawakuomba nyongeza ya pesa kwanza, kama wengine walivyobashiri. Waliomba gunia lisijazwe zaidi ya alama waliyoionyesha wenyewe, magotini. Nyembe na sindano ziwekwe kwenye kopo la maziwa lililofungwa. Wasibebe siku ya mvua. Na kabla ya hayo yote, ngazi zitengenezwe, kwa sababu mbili zilikuwa zimekatika na anayeshuka na mzigo hana mkono wa kujishikilia.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa salongo. Sijawahi kuona salongo ya namna ile. Hakuna polisi, hakuna faini, na vijana waliokuwa wakijifungia walitoka na mabeleshi, wakapanga matairi, wakapiga vigingi, wakaweka kamba ya kushika upande mmoja. Ngazi zile wanazipanda wao pia wakirudi usiku. Mama zao wanazipanda na maji. Tulimaliza mchana na hakuna aliyepiga picha, maana kijana wa mabango alikuwa ndani ya shimo na simu yake mfukoni.

Tangu hapo nimekuwa nikiwasikia watu wa mipango wakisema "kushirikisha wakaaji", na naona kila mara wanamaanisha kuwaita wakaaji mahali ambapo mambo yamekwisha kupangwa. Kwetu waliokuwa wanasema mkutanoni na waliokuwa wanashika uchafu hawakuwa watu wamoja. Huo ndio ugonjwa wenyewe, na mabango hayaugusi.

Februari 2025 mji ulipochukuliwa na waasi wa M23, benki zilifunga na noti zikawa ngumu kupata. Franka 1,000 kwa mbabula, ambayo ilionekana ndogo, ikawa swali la kula au kutokula. Gari la vijana lilisimama kwa muda. Kwenye ukuta wa robine safu ya zilizoingia ilibaki tupu, na mama wa likelemba aliendelea kuiandika hivyo hivyo, sifuri kwa chaki, ili mtu asiseme zimeliwa. Usiku wa mvua nilisikia tena mabeseni. Lakini si kila kitu kilirudi mtaroni. Maganda yaliendelea kwenda kwa nguruwe na kwa dende, majivu yaliendelea kwenda vyooni, rundo liliendelea kugeuzwa, kwa sababu hayo hayakuhitaji noti. Kilichoanguka ni kile kilichotegemea pesa ya mwezi. Wabebaji wengine walikubali kulipwa kwa makala au kwa unga, wengine walikataa, na walikuwa na haki. Makala hailipi karo ya shule.

Gari lilianza kupita tena baadaye, si kila wiki. Sashe bado hatujui la kuzifanyia. Tulijaribu kuzisuka kuwa mikeka, ikatoka mikeka michache mibaya. Fundi mmoja alitaka kuziyeyusha na mchanga atengeneze vigae, lakini moshi wake ulikuwa ule ule tuliokuwa tunaukimbia, na mjane akamwambia akafanyie kwake. Nepi ni mbaya zaidi. Haziivi, haziuziki, mbwa wanazipenda, na idadi yake inakua kwa kuwa mama vijana wanafanya kazi mbali na hawana maji ya kufulia vitambaa. Pendekezo lililopo ni zifungwe peke yake kwenye gunia lenye alama, libebwe kwa malipo mara mbili. Mama vijana wanasema huko ni kuwaadhibu kwa kuzaa. Wabebaji wanasema atakayeona ni adhabu aje abebe yeye. Shefu amesema jambo hilo litachunguzwa, akazomewa na foleni nzima.

Wiki iliyopita walikuja mama watatu wa avenyu ya juu yetu. Wanataka kuingia katika mpango, na sisi tunawataka, maana mtaro wao unaishia kwetu. Waliuliza bei. Mama muuza makala akawauliza kama wamehesabu mbabula zao. Hawakuwa wamehesabu, walikuja na orodha ya parseli iliyopigwa muhuri. Akawaambia warudi na hesabu ya mbabula, na waje na wabebaji wao, wasiwaache nyuma. Kisha akawapisha mbele ya foleni wakinge maji, kwa kuwa walikuwa na mlima mrefu zaidi wa kupanda.